Kwa mdogo wangu, uliyesema ni mimi niliyekukata

Mdogo wangu,

Habari za ujauzito wako nimezipata msibani, kutoka kwa shangazi, ambaye alizisema kana kwamba nilikwishazijua, nami nikaitikia kana kwamba nilikwishazijua. Aliongeza kwamba safari hii umeapa kutokanyaga hospitali, na kwamba kuna mama mmoja huko kwenu Kigamboni atakayekuzalisha nyumbani, kama Bibi alivyokuwa akizalisha Kisiju. Huu ni mwaka wa tatu hujanipigia simu. Mimi pia sijakupigia, kwa sababu nilijiambia kwamba mkubwa hatangulii kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Naandika hapa kwa kuwa najua shemeji hupita kusoma, na shemeji hajui kunyamaza.

Naanzia kwenye arobaini, maana huko ndiko tulikoachana. Mtoto alikuwa amekwisha kunyolewa, ubani unafuka chetezoni, sinia za pilau zimeanza kuzunguka, na mama mkwe wako akauliza, kwa nia njema kabisa, kama kidonda kimekauka. Ukajibu kwa sauti yako ile ya upole, ambayo watu husogea karibu ili waisikie: "Daktari alishika kisu tu. Aliyenikata ni dada." Ulisema hivyo mbele ya wanawake wa Magomeni waliotulea, wengine wamenibeba mgongoni. Mama akaongeza ubani ambao haukuhitajika. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawishia wageni, nikaendelea kunawisha hadi mgeni wa mwisho, kisha nikaondoka bila kutia tonge kinywani. Nimesamehe mengi katika ukoo huu, ikiwamo habari ya kile kiwanja, lakini neno lile limenishinda.

Usiku wenyewe wewe unaujua kwa upande wa ndani. Mimi naujua kwa upande wa benchi. Ilikuwa masika, Jangwani imejaa maji, dereva wa teksi akatuzungusha kupitia Selander huku umeiuma kanga yangu kwa meno. Walikupokea njia ikiwa imefunguka sentimita nne, wakakuwekea dripu ya uchungu kabla hakujapambazuka, na mimi nikabaki nje, kwa kuwa leba haikuwa na pazia kati ya kitanda na kitanda na kila mama alistahili sitara yake. Nilikaa pale tangu alfajiri hadi saa nane ya usiku wa pili. Kila mlango ulipofunguliwa nilisikia mama akilia, na kila mara nilijiambia kwamba si wewe, kwa sababu wewe hulii. Ndipo akatoka daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema njia imegoma kwenye sentimita sita, mtoto ameanza kuchoka, anataka kukupeleka chumba cha upasuaji na wewe unakataa kusaini. Nikamjibu: "Mpelekeni. Mwambieni dada yake amekubali." Nesi akaingia na maneno hayo, nawe ukasaini. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, na kilio kile ukakifanya ushahidi wako: mtoto aliyechoka, ulisema, hawezi kulia hivyo.

Tangu siku ile nimesoma sana, mwanzoni kwa hasira, nikitafuta cha kukushinda nacho, na nilichokipata hakikunipendeza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 kwamba hakuna eneo lenye sababu ya kuwa na upasuaji wa uzazi unaozidi asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2018 likaandika kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita tano, na kwamba njia kutofunguka sentimita moja kwa kila saa si sababu inayotosha, peke yake, ya kuharakisha uchungu wala kumpasua mzazi ikiwa yeye na mtoto wako salama. Wewe ulianza kuhesabiwa ukiwa na nne. Hata ule mstari wa tahadhari kwenye chati ya uchungu, unaoonyesha kama njia inafunguka polepole mno, ulibuniwa na madaktari Philpott na Castle, huko Rhodesia, mwaka 1972, ili mkunga aliye kwenye kituo cha mbali ajue mapema nani wa kupelekwa hospitali kubwa. Haukuwekwa ili mama aliyekwisha kufika hospitali akimbizwe kama aliyechelewa basi. Na dripu ile, ambayo kazi yake ni kuongeza nguvu ya uchungu, yaweza yenyewe kumchosha mtoto, kwa hiyo huenda waliokoa kile walichokichosha wao. Nasema huenda, maana mapigo ya moyo wa mtoto waliyasikiliza wao, si wewe wala mimi. Hiyo ndiyo haki yako, nami nimekupa mbele ya watu, kama wewe ulivyoninyima mbele ya watu.

Lakini usinitajie Bibi. Unapomtaja unakumbuka mikono yake, nami naikumbuka vilevile: jinsi alivyomwacha mzazi atembee, achuchumae, ashike mwimo wa mlango, na jinsi alivyomkanda kwa maji ya moto siku zote arobaini. Yule daktari wa Kiingereza uliyekuwa ukinisomea habari zake kwenye simu, Grantly Dick-Read, aliyeandika mwaka 1933 kwamba woga ndio unaoukaza mwili na kuleta maumivu, hakuwa na jipya la kumfundisha Bibi. Ila Bibi huyohuyo alizaa tisa akazika wanne, na uzeeni ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfukuza mjamzito aende zahanati. Damu alikuwa akiipima kwa kanga. Ya kwanza ikilowa, alisoma dua. Ya pili ikilowa, aliagiza baiskeli. Ya tatu hakuwa na la kusema. Mke wa mjomba, ambaye nyumbani hatajwi, alifika kanga ya tatu. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na mimi nilikuwa na miaka minane, nimetumwa kuzifua zile mbili za kwanza.

Kwa miaka mingi wamesema nusu lita ndiyo mpaka. Damu ikifika hapo baada ya kujifungua, ni hatari. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu: mzazi anawekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama, damu inaonekana inavyopanda, na ikifika kiwango, wauguzi wanaanza matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yakapungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki, mdogo wangu, na mikono iliyo tayari. Nchini mwetu, utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ukifanyika kwenye vituo vya afya, na vifo vya wazazi vikikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 81, na vifo 104. Sisemi kwamba kisu ndicho kilicholeta hayo. Ninasema kwamba hospitali na kisu si kitu kimoja, na wewe umevifunga katika furushi moja kwa sababu ya usiku mmoja.

Sasa kuna kovu. Wengi waliopasuliwa mara moja, wakijaribu kuzaa kawaida mara ya pili, hufanikiwa, na hilo unaweza kulitaka bila kuona haya. Kovu likiwa limekatwa kwa mlalo kwenye sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, takriban mmoja kati ya 200 wanaojaribu ndiye ambaye mfuko humpasukia penye kovu. Ni wachache, lakini damu ya huyo mmoja humwagikia ndani, ambako hakuna kanga ya kuipima, na uhai wa mtoto huhesabiwa kwa dakika. Sizungumzii kuvuka kwa daraja wala pantoni. Nazungumzia ile njia ya mchanga kutoka mlangoni kwako hadi kwenye lami, ambayo bajaji haipiti mvua ikinyesha. Kwa hiyo tafuta hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, uliza mapema mkato wa mfuko wako ulikuwa wa namna gani, omba iandikwe kwenye kadi yako kwamba unataka kujaribu kawaida, na mama huyo wa Kigamboni akikupa dawa ya kuongeza uchungu, usiinywe. Akukande baadaye, hapo sina neno naye.

Nimeyapanga haya yote vizuri ili nionekane niliona mbali. Kuna kitu sikukueleza, wala sikumweleza Mama. Daktari yule alikuwa hajamaliza. Baada ya kusema mtoto ameanza kuchoka, alisema, "au tuzime dripu, tumsikilize kwa muda kidogo, iwapo..." na hapo nikamkata kauli. Sijui alitaka kusema iwapo nini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua tangu kwenye teksi, pengine tangu Kisiju, na ningekubali hata angeniambia mambo ni shwari. Wala sikuomba niruhusiwe kuingia dakika moja tu nikuulize, ingawa mlango ulikuwa wazi na nesi alikuwa ameushikilia kwa mguu.

Nimenunua kanga za kumpokelea mtoto, doti mbili, pale Kariakoo. Nimezifua mara nne na ule ugumu wa dukani umekwisha. Mwambie shemeji azifuate, au uniambie nizilete.

Dada yako