Mwezi huu tunapanda treni 🚂

Habarini wazazi na walezi, sori nimechelewa kuposti, mwezi huu tunasoma hadithi za upelelezi za watoto zinazotokea ndani ya treni. Wadogo tunaanza na Emil and the Detectives ya Erich Kästner, Mjerumani, ni ya 1929 lakini bado iko moto, Emil anasafiri peke yake kwenda Berlin, anasinzia kwenye behewa, kushtuka hela haipo na yule bwana mwenye kofia naye hayupo! Noti alikuwa amezibana na pini kwenye koti, sasa hiyo pini inakuja kusaidia nini msiwaambie watoto, wagundue wenyewe jamani (kuna mtu hapa aliropoka mwisho wa kitabu kilichopita, simtaji 😅).

Wakubwa kidogo wachukue The Highland Falcon Thief ya M.G. Leonard na Sam Sedgman, ya 2020, huko dogo Hal anachora kila anachokiona na michoro ndo inamsaidia kufuatilia mwizi wa vito.

Mi treni naipendea hivi, ikishaondoka mwizi hana pa kukimbilia mpaka stesheni ijayo, washukiwa wote wamo humohumo. Kila mtoto aje na orodha yake ya washukiwa, Jumamosi saa kumi jioni.