Kompyuta za gemu za vijana wetu zisiuzwe kama chuma chakavu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wa Moshi na Arusha, na mafundi wenzangu pia, kuhusu kompyuta za gemu zinazouzwa kwa bei ya kutupa tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Pasua. Naziona zinapita mbele ya duka langu kwenye bodaboda zikipelekwa kuvunjwa, na inaniuma, kwa sababu nyingi ni nzima kabisa.

Chukua ya kijana mmoja wa Majengo, mwanafunzi wa chuo. Baba yake anauza ndizi Mbuyuni, na alimnunulia kompyuta ya mtumba yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha saba, RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1060. Hiyo ni mashine ya maana. Lakini kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha kutunzia funguo za siri. Duka moja la mjini likamwambia mzee abadilishe mazabodi na prosesa kwa mpigo, ama auze mashine kwa chochote atakachopewa. Akaja kwangu ameipakata kifuani, kijana nyuma yake. "Dada, niambie ukweli, hii kitu imekufa?"

Haijafa, baba.

Nilichomeka flashi yenye Linux Mint, mmoja wa mifumo ya bure ya Linux inayoendesha kompyuta badala ya Windows, nikawasha, nikaichagua ile flashi kwenye menyu ya kuanzia. Mint inafunguka na kufanya kazi ikiwa bado ndani ya flashi, diski haijaguswa, kwa hiyo mteja anajionea kabla hajaamua lolote. Kijana akaunganisha na simu yake kwa Wi-Fi, akasikiliza sauti, akajaribu kibodi na kipanya, akaangalia kioo. Vyote vilikubali. Hapo ndipo tulipohamishia picha na kazi zake za chuo kwenye diski ya nje, kisha nikaupiga mfumo kwenye diski yake ya SSD. Draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoiendesha ile GTX 1060, tuliipata humo humo kwenye Mint, kwenye sehemu yake ya draiva. Unachagua ile inayopendekezwa, unawasha upya, basi. Mwenye kadi ya AMD kama RX 580 hata hilo halimhusu, kwa kuwa draiva yake imo tayari ndani ya Linux. Tukaweka Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu. Euro Truck Simulator 2 ina toleo lake la Linux, hiyo haikuwa na maneno. The Witcher 3 ni ya Windows, na ikafunguka. Mara ya kwanza ilichelewa kidogo, maana Steam huwa inaiandalia kadi ya picha vitu vyake kwanza, na mzee akaanza kuniangalia usoni. Halafu farasi akatokea kwenye kioo na kijana akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Watu huniuliza inawezekanaje gemu ya Windows ikacheza pasipo Windows. Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1993 watengenezaji wa programu huria walianzisha mradi wa Wine, unaoipatia programu ya Windows kila inachokiomba ikiwa ndani ya Linux. Agosti 2018 kampuni ya Valve, wenye Steam, ikaichukua Wine, ikaiongezea DXVK, inayogeuza amri za michoro za Windows, ziitwazo Direct3D, kuwa amri za Vulkan ambazo Linux inazielewa, ikavifunga pamoja ikaviita Proton. Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi inayotumia SteamOS, ambayo ni Linux. Tangu hapo Valve yenyewe ina biashara inayotegemea gemu hizi zikubali, na ndiyo maana mambo yamekwenda haraka hivi. Kadi za zamani sana zisizojua Vulkan ndizo zinazobaki nje.

Sasa, mafundi wenzangu, tusiwadanganye watu. Kuna gemu hazikubali, na baadhi ndizo zinazopendwa kuliko zote. Fortnite haikubali. Valorant na League of Legends hazikubali. Call of Duty za karibuni hazikubali, na EA Sports FC za karibuni nazo hivyo hivyo, na Moshi hii kijana anaweza kuwa ananunua kompyuta kwa ajili ya mpira tu. Tatizo si nguvu ya mashine. Ni programu za kukamata wadanganyifu ambazo kampuni zimezifunga kwenye gemu za mtandaoni. Easy Anti-Cheat na BattlEye zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aruhusu, na wengi hawataki. Apex Legends ilikuwa inachezeka kwenye Linux mpaka Oktoba 2024, wakaifunga. GTA Online iliwafungia watu Septemba mwaka huo huo, ingawa hadithi ya GTA V ya kucheza peke yako inaendelea kukubali. Na Epic, wenye Fortnite, ndio wamiliki wa Easy Anti-Cheat yenyewe! Uamuzi huo unaniudhi sana, kwa sababu anayeumia si mdanganyifu, ni mtoto wa muuza ndizi aliyenunua gemu kwa pesa halali.

Kwa hiyo mteja akija, kwanza muulize anacheza nini. Akikwambia anaishi kwa FC, usimhamishe. Mwekee Linux kwenye diski ya pili, Windows 10 ibaki kwenye diski yake kwa ajili ya mpira, na umwandikishe kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza ambayo Microsoft imeyaweka hadi 13 Oktoba 2026. Akikwambia anacheza Counter-Strike 2, Dota 2, au gemu za hadithi za kucheza mwenyewe, huyo hana sababu ya kuuza chochote.

Na suala la bando lisitutishe. Gemu ya GB 60 au 70 si ya kupakua mara mbili kwa bei zetu hizi, najua. Faili za gemu ya Windows inayopita kwenye Proton ni zile zile alizokuwa nazo kwenye Windows. Nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common kwenda diski ya nje kabla hujafuta kitu, kisha irudishe mahali pake kwenye Linux na uiambie Steam iisakinishe. Itazikagua zilizopo na kupakua zilizopungua tu. Ila usiziache kwenye diski yenye mpangilio wa Windows, ule wa NTFS, ukataka zicheze kutokea hapo. Hukorofisha, na mteja atafikiri Linux ndiyo mbovu.

Kuna jambo jingine linanikera kuliko hata hizo kampuni za gemu. Mtaani kwetu kupiga Windows maana yake imekuwa kupiga Windows ya wizi. Fundi anazima kwanza ulinzi wa virusi ili programu ya kuifungua ipite, halafu anamkabidhi mtoto mashine ambayo baba yake atakuja kuifungulia akaunti ya benki. Hatuna haja ya kuishi hivyo. Leseni ya GPL, inayobeba Linux tangu siku zake za mwanzo, inakuruhusu unakili na umpe jirani, naye ampe wake. Mimi nilijifunza kazi hii kwa CD ya Ubuntu, Linux nyingine, iliyokuja bure kwa posta, enzi zile Canonical, wenye Ubuntu, walipokuwa wakizituma dunia nzima, kabla hawajaacha mwaka 2011. Hakuna aliyenidai senti.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni ukurasa wa teknolojia wenye maelezo ya Kiswahili ya kufuata hatua kwa hatua, si habari za simu mpya peke yake. Lugha haijatushinda: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kijana wa Majengo alilazimika kusoma maelezo ya Kiingereza huku akinisimamisha kila mstari, naye ni mtu wa chuo. Je, wa kidato cha pili?

Anayetaka kuanza, aje na flashi ya GB 8 nimnakilie Mint bure, dukani kwangu Pasua, Jumamosi mchana. Flashi iwe haina kitu cha maana ndani, kwa sababu kila kilichomo kitafutwa.

Fundi wa kompyuta,
Pasua, Moshi