Kibanda Kisicho na Waya

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaisoma palepale mlangoni nimesimama, na jioni nikairudia. Umeniuliza swali moja tu, nalo limenikaa rohoni tangu siku ile: hicho kibanda ninachokiota kila mwaka ni cha kufanyia kazi, au nataka kuwakimbia watu?

Nikusimulie ya juzi. Saa tano usiku, nyumba nzima imelala, niko mezani na ule mswada. Yule bibi wa sura ya saba, aliyenisumbua miezi yote hii, alikuwa ameanza kusema, namsikia kabisa. Simu nilikuwa nimeilaza kifudifudi, sauti nimezima. Ukaingia ujumbe. Mwanga ukapenya pembeni, ukachora mstari mwembamba wa buluu juu ya ubao wa meza, ukakaa kidogo, ukazimika. Sikuigusa. Lakini niliporudisha macho kwenye karatasi, bibi alikuwa ameshanyamaza. Nilimngoja hadi saa saba, hakurudi.

Watu nawapenda, wewe unajua. Kinachonichosha ni kuuomba ukimya. Hapa kila saa ya utulivu naipata kwa kumwomba mtu: punguza redio, funga mlango, nisubiri kidogo. Na kila nikiomba najiona nimewanyima wenzangu kitu. Kule hakuna wa kuombwa.

Tena waliotangulia hawakuwakimbia watu. Mwandishi Henry David Thoreau alihamia kibanda chake kando ya kiziwa cha Walden, Marekani, Julai 1845, akakaa miaka 2 na miezi 2. Lakini mjini Concord alikuwa akienda mara kwa mara kwa miguu, na wageni aliwapokea. Mahler naye, mtunzi wa muziki, mwaka mzima alikuwa Hamburg akiongoza wanamuziki na waimbaji. Ikifika likizo ya kiangazi anakwenda Austria, kwenye kibanda alichojengewa kando ya ziwa Attersee, na huko ndiko alikotunga. Huyo ndiye ninayemwelewa zaidi. Alihitaji wiki chache tu ambazo hakuna mtu wa kumwita.

Changu nimekichora nyuma ya ukurasa wa 61. Chumba kimoja, mita 3 kwa 4 na nusu, karibu kipimo kilekile cha Thoreau. Meza, kitanda chembamba, rafu moja. Waya wa umeme hauingii, wala intaneti. Hesabu nimezifanya, usidhani naota tu! Betri moja ya sola, ya volti 12 na ampea-saa 100, inabeba umeme wa wati 1,200 kwa saa moja. Kama ni ya asidi, ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo nahesabu 600. Taa ya wati 5 kwa saa tano ni 25. Laptopu ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Basi hata siku mbili za mawingu mazito nitaendelea kuandika, na betri ikikata ninayo penseli.

Maji yatatoka juu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Ukilitokeza paa mpaka lifike mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 200, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Yale ya mwanzo unayaacha yamwagike, maana ndiyo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Choo kitakuwa cha nje, cha ndoo na maranda, kisichotaka maji kabisa.

Ninachokihofia kweli ni unyevu. Chumba cha mbao kikifungwa wiki mbili bila mtu, karatasi zinalegea na kuota kuvu, na mimi kila kitu changu ni karatasi. Kwa hiyo nimeinua sakafu juu ya nguzo ili upepo upite chini, na juu, ukuta unapokutana na paa, nimeacha matundu yenye wavu. Paa ni la mabati. Najua mvua itapiga kelele, lakini kelele ile haimwiti mtu jina, naweza kuandika ndani yake mchana kutwa.

Sasa kuna jambo linanishinda, ndilo hasa lililonikalisha kukuandikia. Dirisha nimeliweka kushoto kwa meza, ili mkono wangu wa kulia usitupe kivuli kwenye maandishi. Nilikuwa nimemaliza kabisa nikakukumbuka wewe, unayechora kwa mkono wa kushoto. Ukija ukakaa pale utakuwa unachora gizani. Nikaufuta ukuta wa upande wa pili, nikauacha wazi. Meza yako itaingia pale, tukitazama upande mmoja, kila mtu na mwanga wake. Niandikie basi: dirisha lako lianzie kimo gani? Siku hizi unachora umekaa, au bado unasimama?

Ni mimi rafiki yako,
ninayengoja jibu kwa hamu.