Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule, Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kutusikiliza. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ulipopita kwenye meza yetu uliona chupa zenye ndizi zilizopondwa na vidudu vya macho mekundu. Hao ni nzi wa matunda, walewale wanaozunguka mafungu ya machungwa ya Ukerewe sokoni. Sio wadudu wa ziwani wanaotuvamia kwa makundi, na hawaenezi ugonjwa tunaotaka kuuzungumzia. Mwaka huu tumewafuga kwa sababu wamewasaidia wanasayansi kuuelewa ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli.

Aina yake inayojulikana zaidi ni Duchenne, iliyopewa jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza katika miaka ya 1860. Huwapata hasa watoto wa kiume. Mtoto huanza kutembea vizuri tu, kisha akiwa mdogo bado anaangukaanguka, anashindwa ngazi, na akitaka kuinuka hujishika mapajani na kujisukuma kwa mikono. Misuli ya nyuma ya miguu hunenepa, watu wakadhani ana nguvu. Wengi wao huacha kutembea wakiwa na umri wa miaka 12 hivi. Mtaani tumesikia watoto wa namna hii wakisemwa wamerogwa, na mama zao wakinyooshewa vidole. Maneno hayo yanatuumiza.

Ukweli wake nzi alianza kuufunua zamani. Mwaka 1910, mjini New York, mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alimpata nzi dume mwenye macho meupe katikati ya wenye macho mekundu. Alipomzalisha, watoto wote wa kizazi cha kwanza walikuwa na macho mekundu. Katika kizazi cha pili weupe ulirudi, lakini kwa madume tu, karibu nusu yao. Jeni ya rangi hiyo ya macho, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli, ilikuwa kwenye kromosomu X, ambayo jike ana mbili na dume ana moja tu; kwa binadamu ni vivyo hivyo. Jeni ya Duchenne nayo iko hapo hapo. Mama mwenye X moja yenye hitilafu ana nyingine nzima inayomkinga, kwa hiyo kwa kawaida haugui. Lakini kila mwana wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Wakati mwingine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe, mama hana kabisa. Hapo mchawi yuko wapi, Mheshimiwa? Na kosa la mama ni lipi?

Mwaka 1987 ilijulikana kwamba watoto hao hukosa protini iitwayo disitrofini, inayoukinga utando wa seli ya msuli usichanike kila msuli unapojikunja. Nzi naye anayo protini ya jamii hiyo. Jeni yake ikiharibiwa maabara, misuli yake huchakaa kadiri anavyozeeka na uwezo wake wa kupanda hupungua. Kwa kuwa yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi, mtafiti huona kwa wiki chache mambo ambayo kwa mtoto huchukua miaka. Nzi si mtu, na dawa iliyomfaa bado hupimwa kwa wanyama wengine kabla ya binadamu; lakini ndiye anayeonyesha pa kuanzia.

Sisi hatuna nzi wagonjwa. Tulichofanya ni kugonga chupa taratibu ili nzi waanguke chini, kisha kupima wanavyopanda. Vijana hupanda haraka, wazee hujikokota. Kipimo hicho hicho ndicho kinachotumika kwenye maabara kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadubini yetu ni moja na lenzi yake ina ukungu. Tunaomba utusaidie kupata nyingine. Ombi kubwa zaidi ni hili: kwenye mikutano ya mitaa na kata, tusaidie kuwaambia wazazi kwamba mtoto wa kiume anayeangukaanguka apelekwe hospitali mapema. Kipimo cha damu huonyesha kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika. Tiba ya kuumaliza ugonjwa haipo, lakini zipo dawa zinazochelewesha udhaifu, na mazoezi ya viungo yanayomsaidia mtoto. Klabu yetu iko tayari kufuatana nawe na chupa zake, popote utakapotuita.

Tunaomba kuwasilisha.