Dar mpaka Mwanza ni saa ngapi?

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, ila jua la wiki hii linatuanika kama dagaa wa soko la Mwaloni.

Umeniuliza Dar mpaka huku ni saa ngapi kwa ndege. Kwa mstari ulionyooka angani ni kama kilomita 850. Barabara inapita 1,100, maana lazima ikupitishe Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Lile basi letu la mwaka ule, tulivyoshuka na miguu iliyovimba, sitaki hata kulikumbuka. Kwa jeti ni saa moja na dakika ishirini hivi. Ukiangukia ya pangaboi, ile yenye mapanga yanayozunguka nje, ongeza dakika ishirini nyingine: jeti hukata kama kilomita 830 kwa saa, pangaboi kama 660. Ndani ya muda huo wameshahesabu na kule kujikokota uwanjani kabla ya kuruka.

Lakini ndege siyo itakayokula muda wako. Wewe unakaa Tegeta! Siku ya foleni, Tegeta mpaka Kipawa kwenye uwanja wa ndege unaweza kukaa njiani kuliko Kipawa mpaka hapa kwangu. Toka mapema, na ushukie jengo la pili la abiria, ndiko kwenye safari za ndani. Usijipeleke la tatu kwa sababu linang'aa.

Na tiketi uisome vizuri. Mwaka jana tulimtumia mama mkwe tiketi yake kwenye simu, imeandikwa 07:10. Yeye akasoma saa saba na dakika kumi. Saa moja na robo asubuhi nampigia nijue kama wamesharuka, nikitegemea simu imezimwa. Ikaita! Nasikia mafuta yanachachatika.

"Mwanangu, nakaanga maandazi ya njiani. Si naondoka mchana?"

Ndege ilishakunja magurudumu. Nauli ikaliwa, tukakata nyingine ya kesho yake. Maandazi yalifika yamekauka kama mawe ya Bismarck pale ziwani, na tukayala tukisifia, maana nani angethubutu? Mpaka leo habari hiyo haitajwi akiwa sebuleni. Kwa kweli simlaumu. Saa tunayoisema mdomoni siyo inayoandikwa kwenye tiketi, na mwenye haraka hakumbuki kutoa wala kuongeza sita.

Omba kiti cha dirishani. Ikishuka upande wa ziwani utaona maji tu, maji tu, mpaka uanze kusali, kisha ghafla uwanja huo hapo. Nitakuwa nje nakusubiri. Mpaka Kirumba si mbali. Begini acha nafasi ya dagaa, nitakufungia mifuko mitatu mitatu wasikuaibishe kwa harufu.

Ukishakata tiketi, kabla hujafunga hata begi, nitumie picha yake niisome mimi mwenyewe.

Wako,
Shogayo wa Kirumba