Kikao cha Jumamosi na mchango wa vipepeo

Habari za jioni ndugu wanakikundi, poleni na majukumu.

Kikao kipo palepale, Jumamosi saa 10 alasiri, ila si Kirumba tena. Ukumbi una harusi. Tukutane Capri Point, karibu na zinapopandiwa boti za kwenda kisiwa cha Saanane.

1. Mchango ni shilingi 20,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa saa 12 jioni, namba ileile ya mweka hazina. Wanafunzi wetu wawili wanahitaji nyavu, mitego na nauli ya boti. Wanataka kuanza kuhesabu vipepeo vuli ikianza, maana majani yakichipua viwavi (ndio watoto wa vipepeo) wanapata chakula. Tukichelewesha hela, msimu hautusubiri.

2. Mwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi asitupe, aje nazo. Zikichacha ndiyo chambo cha mitego. (Msicheke, wapo vipepeo wasiojali maua kabisa, wao ni matunda yaliyooza tu!)

3. Mweka hazina, njoo na daftari tafadhali.

Naomba kila mmoja athibitishe humu kabla ya Alhamisi usiku: unakuja au huji, umetuma au bado. Dole gumba peke yake sihesabu, mara iliyopita lilinichanganya.

Asanteni sana.