Barua ya wazi kwa mjomba: wimbo ule ulitoka matangani

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukiwa wadogo umekuwa ukituambia kwamba "I'll Take You There" wa The Staple Singers, kundi la familia moja ya Marekani, ni wimbo wa mapenzi, mtu akimwahidi mwenzake safari, na kwa imani hiyo umeupiga katika kila harusi ya ukoo huu. Uniwie radhi kwa kukusahihisha mbele za watu, lakini wimbo huo ulizaliwa matangani.

Mtunzi wake ni Al Bell, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Stax, kampuni ya santuri ya Memphis. Mdogo wake aliuawa, naye akarudi kwao Arkansas kumzika. Baada ya mazishi alijitenga na waombolezaji, akaketi juu ya boneti ya basi kuukuu lililokuwa uani kwa baba yake, na hapo ndipo maneno yalipomjia, kuhusu mahali ambapo hakuna anayelia wala mwenye hofu. Baadaye alisimulia kwamba alijaribu kuongeza beti, zikagoma. Ndiyo maana wimbo una maneno machache hivyo, Mjomba, na katika hayo machache mpenzi hayumo.

Waliourekodi ni Mzee Roebuck "Pops" Staples, mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1914, na binti zake, familia iliyoanzia kuimba makanisani Chicago. Kazi hiyo ilifanyika Muscle Shoals Sound, studio iliyokuwa Alabama, pamoja na wapigaji Wazungu wa hapo. Ule mwanzo wa besi unaokuinua kitini umetoka Jamaika, katika "The Liquidator" ya Harry J Allstars ya mwaka 1969, jambo ambalo Wajamaika wana haki ya kulinung'unikia. Katikati, Mavis, mmoja wa mabinti hao na ndiye mwimbaji mkuu, anamwita baba yake kana kwamba ndiye anayepiga gitaa, ilhali gitaa hilo lilipigwa na mwanamuziki wa studio. Lakini anapomtaja David, huyo ni David Hood mwenyewe, mpiga besi.

Juni 1972 wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani, na baadhi ya watu wa kanisa wakalalamika kwamba familia ya Staples sasa inaimba muziki wa shetani. Hao nao walikosea kama wewe, ila wao walikasirika na wewe ulicheza, na kwangu kosa lako ni jepesi zaidi. Mavis alikuwa akiwajibu kwamba shetani hana muziki wake, na kwamba safari waliyokuwa wakiiahidi ni ya mbinguni.

Harusi ijayo usiache kuupiga. Naomba tu usiupunguze sauti kabla Mavis hajamwita baba yake, kama unavyozoea kufanya ili MC apate kutangaza zawadi.

Wako,
mpwa wako